Kifaransa cha Kongwa

Habari ya kifo cha Mwalimu Ndahani ilinikuta nimesimama kwenye vumbi la barabara ya Bahi, namweleza msimamizi wetu, Mchina mmoja anaitwa Wang, kwa nini vibarua wamegoma kupanga mabomba kabla ya kula. Rehema ndiye aliyenitumia ujumbe. Hakuandika mengi: mwalimu wetu wa stoo ametutoka, mazishi keshokutwa, nyumbani kwake Kongwa. Nikasoma, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kutafsiri mambo ya ugali. Kazi yangu ndivyo ilivyo. Wang alikuwa anataka jibu, vibarua wanataka chakula, na mimi niko katikati, sasa nikianza kulia pale nani atawaambia nini?

Jina langu Sechelela, wengi wananiita Seche. Mengine ya nilizaliwa wapi na babu yangu alikuwa nani nayaruka. Watu wakiandika maisha yao wanaanza mbali mno, mpaka wafike kwenye jambo lenyewe msomaji ameshasinzia. Mimi nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka wa kidato cha tatu, kwa sababu ndio mwaka niliochagua lugha, na mpaka leo kila asubuhi nikifungua mdomo kwenye kambi ya ujenzi naongea kile nilichochagua.

Mwaka ule nilipanga chumba Kongwa pamoja na Rehema. Kilikuwa chumba cha uani, mlango wa bati, dirisha dogo limezibwa na gunia, na ndani kitanda kimoja tunalala mzungu wa nne. Rehema ni mtu wa Tanga. Baba yake alihamishiwa Dodoma na ofisi yake serikali ilipohamia, shule za mjini zikawa zimejaa, akaletwa Kongwa. Siku ya kwanza nilipompikia ugali wa uwele na mlenda alichovya kidole, akakinyanyua, ule uzi ukamfuata mpaka usawa wa pua. Akaniuliza, hiki chakula au gundi? Nikamwambia kula, ukimaliza utabandika daftari lako. Kufika mwezi wa tano alikuwa anapika mlenda kuliko mimi, na anaweka karanga nyingi mpaka majirani wanapitisha vibakuli. Namtaja Rehema kwa sababu ndiye niliyekuwa nabishana naye. Mtu ukibishana naye chumba kimoja mwaka mzima, maneno yake hayakutoki.

Shuleni kwetu kulikuwa na lugha mbili za kigeni ukiacha Kiingereza. Kichina kilikuwa na chumba kipya chenye feni na vioo. Mwalimu wake alikuwa binti mdogo anaitwa Lin, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu, kila asubuhi anapanga vikombe anatupa chai ya majani bila sukari tunaimeza kwa heshima. Kifaransa kilikuwa stoo. Sitanii, ilikuwa stoo ya shamba la shule. Majembe yamesimamishwa pembeni, plau imelala katikati tukiikalia wawili wawili, magunia ya mbegu, harufu ya dawa ya kuulia wadudu. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Na humo ndani, saa ya jua kali ambapo bati linalia, Mwalimu Ndahani aliingia na koti lake la kahawia, mifuko yote miwili imejaa karanga za kukaanga.

Mwalimu Ndahani kwenye karatasi za serikali alikuwa mwalimu wa Historia. Kifaransa alikipata Kigoma ujanani, kwenye kambi za wakimbizi, alikokuwa anapima mahindi ya Warundi. Anasema alichoka kumpimia mtu chakula bila kumjua, akaanza kuuliza neno moja moja. Alipokuja kuwa mwalimu akaomba aruhusiwe kufundisha, mkuu wa shule akampa stoo. Karanga zake hakupi mpaka uombe kwa Kifaransa. Ukikosea hakwambii umekosea, anatafuna tu anakuangalia. Tulikuwa tunajifunza kwa njaa kabisa. Mwanzoni benchi na plau vilijaa, kwa ajili ya karanga nadhani, halafu watu wakaanza kupungua.

Mimi sikupungua. Nijieleze hapa, maana Rehema aliniuliza mara nyingi na sikuwahi kumjibu vizuri. Mimi ni mtu wa haraka. Nakula haraka, naongea haraka, kwenye foleni ya maji nilikuwa nagombana kila siku. Lakini nikiongea Kifaransa nilikuwa natulia. Kila neno nililisubiri lifike, nikalisikiliza, nikaliachia. Nilikuwa mtu mwingine, msichana mmoja hivi mpole ambaye hana anakokimbilia, na nilimpenda yule msichana. Sasa hilo utamweleza nani chumbani, mkaa umeisha na kesho kuna jaribio la Hesabu?

"Huyo mpole wako atamwambia nani hicho Kifaransa?" Rehema alisema siku moja, anachambua mlenda. "Mbuzi wa Mama Jeni?"

Nikamwambia mbuzi wa Mama Jeni, mwenye nyumba wetu, wana akili kuliko watu wengine waliomo humu ndani. Alicheka, akaendelea kuchambua. Halafu akaanza yale ya baba yake: barabara zinajengwa kila upande, makampuni yanatafuta wakalimani, mtu anamaliza kidato cha nne leo, kesho ana kofia ngumu na kitambulisho shingoni. Baba yake alikuwa hasemi uongo, na hilo ndilo lililoniudhi.

Hata mama yangu aliuliza. Alikuja siku ya mnada na shemeji yake, walileta mbuzi, akapita chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda na kibakuli cha maziwa ya mgando. Kiswahili mama anakiongea kwa tahadhari, kama anavuka korongo lenye maji. Akaniuliza hicho Kifaransa hapa Kongwa nani anakisema. Nikasema mwalimu. Ukimwacha mwalimu? Nikasema hakuna. Na Kichina? Jibu alikuwa nalo, kijana wa jirani yetu alikuwa ameshaajiriwa kwenye kambi ya Wachina wa barabara. Akafuta mdomo kwa kanga, akasema, "Mimi sijui mambo ya shule, mwanangu. Nauliza tu." Angenifokea ningebisha. Kaondoka na mimi nimebaki na lile nauliza tu, nikazunguka nalo wiki nzima.

Sasa nifike kwenye salamu, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mwalimu Ndahani alikuwa Mgogo wa ndani kabisa, na kwake kusalimia si neno moja. Kwetu ukifika kwa mtu unamwambia mbukwenyi, halafu unauliza amelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, fisi hawakuja, mvua inasemaje huko kwenu. Anayesalimiwa anajibu yote, halafu na yeye anakugeuzia anauliza yote. Mkimaliza ndipo mnaanza kuongea. Mwalimu alisema wazungu nao ni watu, haiwezekani wasisalimiane, ila vitabu vyao vinafupisha kwa sababu karatasi ni ghali. Akatutungia salamu nzima kwa Kifaransa. Tuliimba ile salamu mpaka majembe nadhani yaliijua. Tulikuwa tunasimama wawili wawili, huyu anauliza ng'ombe, yule anajibu ng'ombe wazima, huyu anauliza fisi. Mimi na kijana mmoja anaitwa Yona ndio tulikuwa hodari zaidi.

Muhula wa kwanza ulipokaribia kuisha tukaambiwa kuna wageni: mkaguzi wa elimu kutoka mjini, pamoja na mama mmoja Mfaransa wa shirika linalogawa vitabu. Mkuu wa shule alituweka wazi. Mama yule akiridhika, Kifaransa kitapata vitabu, kitapata mwalimu mwingine wa kumsaidia Ndahani, na tutasajiliwa kukifanyia mtihani wa taifa. Asiporidhika, stoo inarudi kuwa stoo. Mwalimu alifagia mwenyewe. Akatandika magunia juu ya plau, akavaa tai. Akaniambia, "Seche, wewe ndiye utakayempokea mgeni. Usiwe na haraka."

Na kweli sikuwa na haraka. Mama yule aliingia, mweupe amekuwa mwekundu kwa joto, anatabasamu vizuri tu. Nikasimama, nikapiga goti kidogo, nikaanza. Amelalaje? Akajibu amelala vizuri, asante, na mimi je? Nikaona mambo yanakwenda. Watoto wamelalaje? Akasita, akasema hana watoto. Nikauliza ng'ombe. Akamgeukia mkaguzi, mkaguzi akaangalia bati. Mama akasema kwa upole kwamba ng'ombe pia hana. Kwetu mtu mzima, aliyevaa vizuri, akikwambia hana watoto na hana ng'ombe hata mmoja, basi amepatwa na jambo kubwa, huwezi kuruka uende kwenye mvua. Nikampa pole. Nilimpa pole ndefu, kwa Kifaransa safi, nikamuuliza kama ni ugonjwa au ni fisi.

Yule mama alitaka kujua jina langu na ninapenda nini. Aliniuliza mara mbili. Mimi nasubiri amalize kunijibu na yeye anigeuzie salamu, nitajitajaje jina katikati ya msiba? Nikauliza tena, ni fisi? Nyuma yangu Yona na wenzake wametulia kama kanisani. Pembeni mwa ubao Mwalimu Ndahani anatabasamu, mikono nyuma, na macho yake yamejaa maji kwa fahari. Ile sura naiona mpaka leo. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kinakwenda sawasawa, mgeni amepokelewa kama mtu.

Walipotoka walisimama nje ya dirisha. Dirisha la stoo halina kioo, lina wavu, kwa hiyo tulisikia yote. Mama Mfaransa alikuwa ameshatangulia kwenye gari. Mkaguzi akamwambia mkuu wa shule, "Huyu hafundishi Kifaransa. Anafundisha Kigogo kwa maneno ya Kifaransa." Mkuu wa shule akacheka, kicheko kile cha mtu anayecheka kwa sababu mkubwa wake amechekesha. Mwalimu alikuwa ndani pamoja na sisi. Alikuwa anakunja yale magunia aliyotandika. Akamaliza kukunja, akagawa karanga zote zilizokuwa mfukoni, na siku ile hakutaka tuombe.

Nimefikiria sana yale maneno ya mkaguzi. Nilipoanza kazi nikakuta mambo ambayo yangemchekesha pia: vibarua wa Bahi wanamwamkia Wang kwa mikono miwili, Wang anadhani wanaomba kitu, anarudi nyuma. Kila siku nasimama katikati ya watu wanaosalimiana vibaya. Na kila siku nawaza kwamba Mwalimu hakukosea kitu kimoja, watu wanataka kuulizwa habari zao. Alikosea tu kudhani kwamba mkaguzi ni mmoja wao. Lakini kuwaza haya hakusaidii, stoo ilifungwa.

Haikufungwa siku hiyo hiyo. Mkuu wa shule alisema Kifaransa kimeondolewa kwenye ratiba, anayekitaka akisome jioni kwa hiari yake, na wote tuhamie Kichina. Mwalimu akasema atafundisha hata akibaki mmoja. Basi nikawa nasoma vyote. Asubuhi chai bila sukari na Mwalimu Lin, nachora zile herufi, mstari huu kwanza halafu ule, ukianzia chini anakufutia yote. Alikuwa haonei mtu, na nilikuwa nafaulu. Hilo nalo lilinisumbua, kwamba nafaulu bila kupenda, mkono unachora mimi niko kwingine. Jioni stoo. Wenzangu walikuja wiki moja, mbili, halafu huyu ana zamu ya maji, yule anasema macho yanamuuma. Yona alihamia Mpwapwa kwa kaka yake. Nikabaki mimi na Mwalimu na majembe. Tulikuwa tunaongea tu. Aliniambia habari za Kigoma, za mwanamke wa Kirundi aliyekuwa anampima naye kwa macho kila anapompimia mahindi. Nilikuwa namjibu taratibu, yule mpole wangu akiwa amekaa kwenye plau, na nje jua linashuka nyuma ya vile vilima vikavu.

Halafu ukafika wakati wa kusajili masomo ya mtihani. Lugha moja tu ya kigeni, na Kifaransa ungekifanya kama mtahiniwa wa nje, mbali, bila mwalimu anayetambulika. Rehema hakunitania siku zile. Alinipikia, akanyamaza, na ule ukimya wake ulinishinda kuliko maneno yake. Nikachagua Kichina. Nilichagua kwa sababu ya mama na lile swali lake, kwa sababu ya kofia ngumu, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Nikiulizwa leo nitachagua hicho hicho. Sijutii. Kinachoniuma ni kitu kingine, hata jina lake silijui.

Jioni ile nilikwenda stoo kama kawaida. Mwalimu alikuwa anasugua kipande cha mpini. Hakuinua kichwa.

"Na wewe, Seche?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akapuliza vumbi la mpini. Nilidhani atanisema, nikawa nimeandaa majibu yangu yote, ya mama, ya kambi, ya wakalimani.

"Hao Wachina," akasema, "wakikutana wanaulizana nini?"

Nikamwambia Mwalimu Lin alitufundisha kwamba wazee wao wanaulizana, umekula? Mwalimu akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Akaniambia basi ni watu, nisome kwa bidii. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza humo stoo, kama nataka karanga. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Wiki iliyofuata mbolea ililetwa, ikajazwa mpaka mlangoni.

Kongwa nilirudi Alhamisi kwa basi la asubuhi. Turubai limefungwa, viti vya plastiki, vumbi, upepo wetu ule usio na adabu unapeperusha kanga za watu. Rehema alishafika. Kichina mwenyewe alikiacha baada ya kidato cha nne, ana duka la vipodozi mjini, amenenepa na anacheka vile vile. Tukakaa pamoja. Mwalimu mmoja alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alifundisha Historia na Uraia, alikuwa mlezi wa klabu ya mazingira, alipenda ufugaji wa kuku. Rehema akanigusa kiwiko. Tukasubiri Kifaransa. Msomaji akakunja karatasi, akaomba tusimame.

Tuliporudi kutoka makaburini nikaenda upande wa jikoni kusaidia kuosha vyombo, simu ikaita. Wang. Nikakata. Akapiga tena. Lori la kokoto lilikuwa limekwama kwenye kalavati, dereva na Wang wanapigiana kelele na hakuna anayemwelewa mwenzake. Nikasogea karibu na zizi, nikaongea. Wang anampa dereva simu, dereva anamrudishia Wang, Wang anampa tena. Nilipomaliza na kugeuka, wanawake wote waliokuwa wanaosha sahani wamesimamisha mikono. Mama Amani, mke wa Mwalimu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, ananiangalia. Akaniita. Nikaenda nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo, nikamwambia pole. Akanishika mikono yote miwili na mapovu yake.

"Mwanangu, hicho ndicho Kifaransa chake?"

Rehema alikuwa nyuma yangu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akafunga macho. Akasema miaka yote hakuwahi kukisikia. Nyumbani Mwalimu alikuwa hakisemi, akimwambia sema kidogo nisikie, anajibu peke yangu naona aibu. Walimcheka, akasema, walimwambia anapoteza muda wa watoto, na yeye akaacha, na hakuwahi kumwambia kama kuna hata mmoja aliyekishika. Akamwita wifi yake aje, akawaita na wengine. Wakatuzunguka na sahani zao.

"Ongea tena kidogo," akaniambia. "Wifi asikie."

Nikamwangalia Rehema, Rehema akaangalia chini. Nilishasema ndiyo, na kilichomgusa ni kile alichokisikia kwenye simu, nisingeweza kubadilisha lugha mbele yake. Basi nikakaa sawa kwenye mkeka, mikono yangu ikiwa ndani ya mikono yake, nikamwambia kwa Kichina kwamba kokoto hazijatosha. Nikamwambia lori la maji lirudi Bahi, saruji ifunikwe vizuri, kesho kazi inaanza saa moja na atakayechelewa atakatwa. Niliyasema taratibu, neno moja moja, kama mtu asiye na pa kukimbilia. Wifi akasema, kumbe ni lugha nzuri. Mama Amani analia bila sauti, na kila nilipofika mwisho wa sentensi alikuwa anatikisa kichwa, kama mtu anayeelewa yote.